Tuonyesheni mizani: barua ya wazi kwa kamati inayochagua timu za ubingwa wa futiboli ya vyuo Marekani

Waheshimiwa Wajumbe,
Kamati ya Uteuzi,
College Football Playoff,
Irving, Texas.

YAH: UGUMU WA RATIBA NA NAMNA UNAVYOPIMWA

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni dereva wa lori. Kazi hii niliianzia barabara ya Morogoro, nikipeleka mizigo Tunduma, na sasa naishi kaskazini mwa Texas, mwendo mfupi tu kutoka zilipo ofisi zenu. Jumamosi zangu, kuanzia mwisho wa Agosti hadi Desemba, nazimalizia barabarani na redio. Futiboli yenu, ile ya Kimarekani ya kukimbia na mpira mkononi, nimeijulia humo; sauti za watangazaji nilizizoea miaka miwili kabla sijaelewa kwa nini mtu anapongezwa kwa kuupiga teke mpira anaotaka kubaki nao.

Nitangulize tamko: nyumbani kwangu ni kwa timu ya Chuo Kikuu cha Texas. Watoto wanavaa rangi ya chungwa hadi kanisani. Kwa hiyo mkiona mahali nimezidisha chumvi, punguzeni.

Nimekwisha andika kwa faragha mara mbili kwa wakubwa wa mchezo huu, ambao sitawataja. Mara ya kwanza nilijibiwa na mashine, mara ya pili hata mashine ilinyamaza. Ndiyo maana leo naandika hadharani, na kwa Kiswahili, kwa sababu wanaonielewa haraka wako Dallas, Houston, Columbus na Minneapolis, na watoto wao wanakaa kwenye majukwaa ya vyuo hivyo. Tafsiri mtaipata. Binti yangu ameahidi.

Kwa msomaji ambaye mchezo huu ni mgeni kwake nieleze kidogo, waheshimiwa mnivumilie. Ligi Kuu ya Tanzania ina timu 16. Kila moja inakutana na kila nyingine nyumbani na ugenini, mechi 30, na mwisho wa msimu jedwali halina wa kulibishia, maana Simba na Yanga wamepita viwanja vilevile na wamepambana na watu walewale. Futiboli ya vyuo haiko hivyo. Msimu wa 2025 ngazi ya juu ilikuwa na timu 136, na kila timu hucheza mechi 12 tu kabla ya fainali za makundi yao, yale yanayoitwa konferensi. Timu mbili zinaweza kumaliza zote 10-2, yaani kushinda kumi na kupoteza mbili, bila kuwa na mpinzani hata mmoja wa pamoja. Moja imepita kwenye pango la chui, nyingine kwenye zizi la mbuzi, na karatasi inasomeka sawasawa. Ndipo mnapoingia ninyi, watu 13 mnaokutana hotelini kando ya ziwa pale Grapevine, kuamua nani acheze mchujo wa ubingwa. Zamani mlichagua timu nne. Tangu msimu wa 2024 ni 12.

Dereva yeyote wa lori anaijua mizani. Pale Vigwaza au Mikese unaweza kulalamikia foleni, unaweza kulalamikia jua, lakini uzito wa mwisho unaujua kabla hujapakia: tani 56 kwa lori refu. Hapa Marekani ni pauni 80,000 kwenye barabara kuu za taifa. Ukizidisha umejitakia mwenyewe. Malalamiko yangu yote matano yanarudi hapo.

1. Mizani yenu haina namba

Mwongozo wenu unasema kwamba timu zikikaribiana mtaangalia ubingwa wa konferensi, ugumu wa ratiba, matokeo ya timu hizo zilipokutana zenyewe, na matokeo yao dhidi ya wapinzani wa pamoja. Agosti 2025 mkatangaza nyongeza. Kipimo cha ratiba kilirekebishwa ili mechi dhidi ya timu ngumu zihesabike zaidi, na kikaja kipimo kipya cha nguvu ya rekodi: ukimfunga mkubwa unapata thawabu, ukifungwa na mkubwa adhabu ni ndogo, ukifungwa na kibonde unaumia. Niliposikia habari hiyo nilipiga honi peke yangu katikati ya Oklahoma.

Honi ile niliiwahisha. Hamkusema kipimo kipi kina uzito gani, wala kipi kinakitangulia kingine vinapogongana. Na vinagongana kila mwaka.

Enzi za BCS, mfumo uliowatangulia ninyi, kuanzia 1998 hadi 2013, zilikuwa na kero zake na sitaki zirudi. Hata hivyo, miaka ile ya mwanzo hesabu ya ratiba mtu aliweza kuipiga kwa kalamu: theluthi mbili ni rekodi ya wapinzani wako, theluthi moja ni rekodi ya wapinzani wa wapinzani wako. Mwaka 2004 kipengele hicho kikaondolewa kama namba ya kujitegemea. Jirani zenu wa mpira wa kikapu wa vyuo mpaka leo wanaweka mambo mezani. Kila mechi imo kwenye fungu mojawapo kati ya manne, na kila mtu anajua kwamba kuifunga ugenini timu iliyo ndani ya 75 bora kunaingia fungu moja na kuifunga nyumbani timu iliyo ndani ya 30 bora. Shabiki wa kikapu anaweza kukaa na karatasi mwezi Februari akajua timu yake inadaiwa nini. Mimi kila Jumanne usiku ya Novemba nasubiri orodha yenu ya timu 25 bora kama watu wanaosubiri mwezi uandame.

2. Kipimo kinabadilika kulingana na anayepimwa

Nianze na mwaka wenu wa kwanza, 2014. TCU, chuo cha hapa Texas, waliingia wiki ya mwisho wakiwa wa tatu. Wakaifunga Iowa State 55-3. Mlipotoka chumbani walikuwa wa sita. Ohio State, ambao Septemba walifungwa na Virginia Tech kwenye uwanja wao wenyewe, waliitandika Wisconsin 59-0 katika fainali ya Big Ten, konferensi yao, na kupanda hadi nafasi ya nne. Baylor, waliokuwa wamewafunga TCU 61-58, wakabaki wa tano, na wengi wakawanyooshea kidole kwa mechi zao za nje ya konferensi: SMU, Northwestern State na Buffalo. Ohio State wakatwaa ubingwa, kelele zikaisha. Lakini ubingwa wao haukutueleza TCU walikosa nini siku waliyoshinda kwa tofauti ya pointi 52.

Mwaka 2023 Florida State walimaliza 13-0, mabingwa wa ACC, wakiwa wamezifunga LSU na Florida nje ya konferensi yao. Mkawaacha nje, nafasi ya tano, mkawachukua Alabama wenye 12-1. Kwotabeki wao, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, Jordan Travis, alikuwa ameumia mguu, na mkasema timu bila yeye si ileile. Anayewatetea atanikumbusha kwamba Florida State walikwenda Orange Bowl, mechi ya heshima ya mwisho wa msimu, wakafungwa na Georgia 63-3. Nakumbuka. Nakumbuka pia kwamba wachezaji wao wengi walikuwa wamekwisha jitoa, maana mechi ile haikuwa na ubingwa tena. Mtu ukimnyima chakula siku tatu, usimcheke akianguka kwenye mbio.

Desemba 2025, wikiendi ya fainali za konferensi, Alabama walifungwa na Georgia 28-7 wakabaki wa tisa, palepale. BYU walifungwa na Texas Tech 34-7 wakashuka kutoka 11 hadi 12. Najua Alabama walikuwa wameshinda nyumbani kwa Georgia mwezi Septemba, na ratiba yao ilikuwa na miiba mingi zaidi. Walikuwa pia wamefungwa 31-17 na Florida State, timu iliyomaliza msimu 5-7. Inawezekana kabisa hesabu yenu ilikuwa sahihi. Hakuna anayeiona, basi.

Kisa cha Notre Dame na Miami ndicho kilichonimalizia subira. Tarehe 31 Agosti 2025 Miami waliifunga Notre Dame 27-24. Timu zote mbili zikamaliza 10-2. Orodha yenu ya kwanza, mwanzoni mwa Novemba, iliiweka Notre Dame nafasi ya 10 na Miami ya 18. Orodha tano mfululizo Notre Dame walikuwa juu. Wikiendi ya mwisho hakuna hata mmoja kati yao aliyecheza. Jumapili tukaamka: Miami ndani, Notre Dame nje. Mwenyekiti wenu wakati huo, Hunter Yurachek, alieleza kwamba BYU waliposhuka timu hizo mbili zikawa zimekaa bega kwa bega, ndipo matokeo ya Agosti yakapata nafasi ya kusemwa.

Sasa angalieni. Notre Dame walipoteza mechi zao mbili kwa jumla ya pointi nne, kwa Miami na kwa Texas A&M waliowafunga 41-40, na wote wawili waliingia kwenye mchujo. Miami walipoteza kwa Louisville na SMU, ambao hawakuingia. Kwa kipimo chenu kipya cha Agosti, Notre Dame yuko juu. Kwa matokeo ya uwanjani, Miami yuko juu. Kipi kizito? Wiki tano mlisema cha kwanza, wiki ya sita mkasema cha pili. Binafsi naona Miami walistahili. Waliokutana uwanjani wakamalizana hawana sababu ya kurudishwa mezani, na wenyewe walikwenda hadi fainali ya Januari 2026 wakafungwa na Indiana 27-21 tu. Lakini kama ni hivyo, ilipasa iwe hivyo tangu Novemba. Kule kwetu pointi zinazopatikana ofisini tunaziita pointi za mezani, na hata anayezipata huzishangilia kwa aibu.

3. Mnazifundisha timu kukwepa

Texas, kwa mkataba uliosainiwa miaka mingi nyuma, walifungua msimu wa 2025 ugenini Columbus kwa mabingwa watetezi, Ohio State. Wakafungwa 14-7. Wakamaliza 9-3, nafasi ya 13, nje. Kocha Steve Sarkisian alisema hadharani kwamba bila mechi ile wangekuwa 10-2 na mazungumzo yangekuwa mengine. Mimi ni shabiki wake lakini nitamkatalia kidogo: Texas pia walifungwa 29-21 na Florida, timu iliyomaliza 4-8, na hilo si kosa la ratiba. Hata hivyo swali lake ni la haki. Ile safari ya Columbus iliwaongezea nini? Kama kufungwa na mkubwa kwa pointi saba ugenini ni kosa dogo, onyesheni lilihesabika kuwa dogo kiasi gani.

Mwaka mmoja kabla, mambo yalikuwa yamepinduka. SMU wa 11-2 waliingia, Alabama wa 9-3 wakabaki nje ingawa walikuwa wameifunga Georgia. Nami nilifurahi, maana anayefungwa na Vanderbilt kisha akapigwa 24-3 na Oklahoma hana wa kumlilia. Lakini mkurugenzi wa michezo wa Alabama akatoa tamko kwamba watatafakari upya ni mechi ngapi ngumu za nje ya konferensi zinawafaa. Hakuficha.

Kisha wakaja Indiana. Mechi zao za nje ya konferensi mwaka 2025 zilikuwa dhidi ya Old Dominion, Kennesaw State na Indiana State, zote nyumbani. Wakamaliza 16-0 na kombe. Siwabezi hata kidogo. Waliwafunga Oregon kwao Eugene, wakawafunga Ohio State fainali ya Big Ten, na kwenye mchujo waliwafunga Alabama 38-3. Ni mabingwa wa kweli. Ila mkurugenzi wa michezo yeyote akizisoma karatasi hizi mbili, ya Texas na ya Indiana, ataondoka na somo gani? Atapiga simu kufuta safari ya Columbus na kuita vibonde watatu nyumbani. Wa kulaumiwa kwa hilo ni yule aliyekataa kuandika bei kwenye bidhaa.

4. Wadogo wanadaiwa ratiba wasiyoweza kuinunua

UCF, chuo cha konferensi ndogo kule Florida, mwaka 2017: hawakufungwa hata mechi moja, mkawaweka nafasi ya 12. Wakaenda Peach Bowl wakawafunga Auburn 34-27, Auburn walewale waliokuwa wamezifunga Alabama na Georgia, timu zilizocheza fainali ya ubingwa mwaka huo. UCF wakajitangazia ubingwa wao na kufanya gwaride. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Mkubwa hataki kwenda kwa mdogo. Humwita nyumbani kwake na kumlipa ada, na mdogo huja kwa sababu bajeti ya michezo yake yote inategemea hundi ile. Mara chache mdogo huondoka na hundi na ushindi pia, kama Appalachian State walivyofanya Ann Arbor mwaka 2007, 34-32 dhidi ya Michigan waliokuwa wa tano nchini. Wakubwa waliitazama siku ile wakajifunza kuchagua wageni kwa uangalifu zaidi. Baada ya hapo mdogo anaambiwa: ratiba yako ni laini. Cincinnati walipata mlango mwaka 2021 kwa sababu Notre Dame walikubali kucheza nao na wakafungwa nyumbani 24-13. Bila mechi ile moja sidhani mngewaangalia.

Najua Tulane na James Madison waliingia 2025 na wote wakaondoshwa raundi ya kwanza. Waliingia kwa mlango wa nafasi zilizotengewa mabingwa wa konferensi, mlango ambao umeandikwa na kila mtu anausoma. Sina ugomvi nao.

5. Vibonde wa Novemba

Hili ni fupi. Katikati ya Novemba, msimu ukiwa umepamba moto, timu kubwa kadhaa hukaribisha timu ya ngazi ya chini ili zipumue. Jordan Travis aliumia kwenye mechi ya aina hiyo, dhidi ya North Alabama. Orodha yenu ya Jumanne inayofuata huwa haisemi lolote kuhusu mapumziko hayo. Semeni.

Najua majibu yenu, maana nimeyasikia redioni miaka kumi na zaidi.

Mtasema ratiba hupangwa miaka mingi kabla, hakuna ajuaye nani atakuwa mzuri wakati huo. Ni kweli, na ndiyo sababu kanuni ya kupima inatakiwa iwepo kabla ya mkataba kusainiwa.

Mtasema mkichapisha kanuni, timu zitaichezea. Zinacheza sasa hivi, gizani. Kanuni inayothamini safari ngumu ikichezewa, matokeo yake ni safari ngumu kuongezeka, na mimi shabiki sijapoteza kitu.

Mtasema SEC, konferensi ya akina Alabama, Georgia na Texas, wameshapiga kura kwenda mechi tisa za konferensi kuanzia 2026, kama Big Ten na Big 12, kwa hiyo tatizo linajitibu. Nawapongeza. Lakini konferensi zenyewe hazilingani, na tisa za hapa si tisa za pale.

Mtasema macho ya watu 13 wenye uzoefu yanaona kisichoonekana kwa hesabu. Hili nalipa heshima yake. Najua pia kwamba mjumbe hutoka chumbani chuo chake kinapojadiliwa, na sijawahi kudai kwamba kuna anayebebwa kwa mbeleko. Hata pale Vigwaza afisa ana macho. Lakini lori linapita kwanza juu ya bamba, namba inaonekana, ndipo afisa anasema neno lake.

Kwa hiyo naomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha:

(a) Kabla ya Agosti, chapisheni kila kipimo cha ratiba mnachotumia na namna kinavyokokotolewa, kwa lugha ambayo kocha wa shule ya sekondari ataielewa.

(b) Andikeni mpangilio: matokeo ya timu zilizokutana, ubingwa wa konferensi, na ugumu wa ratiba, kipi kinatangulia vinapopingana. Na mpangilio huo utumike tangu orodha ya kwanza ya Novemba, hata kama timu haziko bega kwa bega.

(c) Kila Jumanne, pamoja na orodha, toeni namba ya ratiba ya kila timu ndani ya 25 bora. Timu ikipanda au kushuka wiki ambayo haikucheza, sababu iandikwe.

(d) Mdogo akionyesha kwa barua kwamba aliomba mechi na wakubwa wakakataa, ombi hilo liingie kwenye faili lake.

Septemba 2026 Ohio State wanakuja Austin kwa marudiano. Nimeshamwambia bosi wangu Jumamosi ile sipakii mzigo, nitakuwa uwanjani na wanangu wawili. Watanikaba kwa maswali, na swali la kwanza nalijua: baba, tukifungwa kwa pointi saba tena, tunapoteza nini hasa? Naomba niwe na jibu mfukoni kabla mpira haujapigwa.

Wenu katika mchezo,

Dereva wa lori, kaskazini mwa Texas.

Nakala:
Makamishna wa konferensi zote za ngazi ya juu
Wakurugenzi wa michezo wanaofikiria kufuta safari zao
Mashabiki wanaosoma Kiswahili, popote walipoegesha